“Wamenibadilishia Dawa”

Dada yangu aliweka pakiti mbili mezani, moja kuukuu iliyokunjamana, nyingine mpya. Ilikuwa Jumapili, Tabata, feni inazunguka bila kusaidia kitu. “Mdogo wangu, hawa watu wamenibadilishia dawa, na hii mpya itaniua.” Kwa wiki tatu moyo ulikuwa unamwenda mbio, usiku anahesabu mbao za dari, akishika kikombe mkono unatetemeka.

Nikasoma. Vilikuwa vidonge vyake vya homoni ya thairoidi, tezi ya shingoni. Pakiti ya zamani: mikrogramu 100. Pakiti mpya: miligramu 0.1. Nikamuuliza anameza vingapi.

“Viwili. Si unaona wenyewe wameandika sifuri nukta moja? Kimoja kingenitosha wapi?”

Miligramu 0.1 na mikrogramu 100 ni kitu kile kile. Kampuni moja imeandika hivi, nyingine imeandika vile, basi. Dada alikuwa anameza dozi mara mbili ya aliyoandikiwa, na lawama zote anaitupia kampuni mpya. Nimeanza na kisa hiki kwa sababu maneno aliyotumia nayasikia kila mahali, kwenye foleni ya maabara, kwenye kikoba, hata msibani. “Wamenibadilishia dawa” ni sentensi moja inayobeba mambo matatu yasiyofanana. Pengine umebadilishiwa pakiti, yaani kampuni, na dawa yenyewe imebaki ile ile. Pengine ni dozi iliyobadilika, na hiyo inaweza kubadilika bila mtu yeyote kukuandikia. Au umebadilishiwa homoni yenyewe. Asiyejua lipi limempata anaweza kuizunguka Kariakoo nzima akitafuta dawa ambayo hakuwahi kuihitaji.

Tezi ya thairoidi imekaa mbele ya shingo, chini kidogo ya kongomeo, na umbo lake ni kama kipepeo aliyekunjua mbawa. Ikivimba tunasema mtu ana rovu, au goita. Homoni zake ndizo zinazoamua mwili uende kwa kasi gani: moyo, utumbo, joto, ngozi, hata fikra. Ikilegea, vyote vinalegea. Mtu anaamka amechoka, choo kinakuwa shida, ngozi inakauka, nywele zinabaki kwenye chanuo, hedhi inavurugika, uzito unapanda wakati sahani ni ile ile. Ukimwona mtu amevaa sweta Dar mwezi wa Januari, na wala si homa, muulize habari za shingo yake.

Sababu ziko kadhaa. Kinga ya mwili inaweza kuigeukia tezi yenyewe na kuila taratibu, hali iliyopewa jina la daktari wa Kijapani, Hakaru Hashimoto, aliyeieleza mwaka 1912. Wengine tezi imeondolewa kwa upasuaji, au imechomwa kwa iodini yenye mionzi, tiba ambayo kwa hapa mjini watu huifuata hospitali ya saratani ya Ocean Road. Nyanda za Juu Kusini rovu lilikuwa jambo la kawaida kwa upungufu wa madini joto, yaani iodini, mpaka miaka ya 1990 chumvi ilipoanza kutiwa madini hayo kwa sheria. Ila nisieleweke vibaya: ambaye tezi yake imeshakufa hafufuliwi na chumvi. Huyo anahitaji homoni kutoka nje, na mara nyingi ni ya maisha.

Kabla ya dawa, tuelewane kuhusu kipimo, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo, pituitari, inayotoa homoni iitwayo TSH. Ichukulie TSH kama konda wa daladala, na thairoidi ndiye dereva. Dereva akizubaa, konda anagonga bodi. Akizidi kuzubaa, konda anagonga kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo ukipewa karatasi TSH imesoma 12, usiseme “homoni zimepanda”. Konda ndiye aliyepandisha sauti, kwa kuwa dereva amelala. Na TSH ikishuka karibu na sifuri, maana yake gari linakwenda kasi kupita kiasi na konda amenyamaza kwa hofu. Maabara nyingi huchukulia 0.4 hadi 4 kuwa ndiyo kawaida ya mtu mzima.

Dawa inayotumika karibu dunia nzima ni levothairoksini. Ni nakala ya homoni inayoitwa T4, yenye atomu 4 za iodini. Mwili huing’oa atomu moja ikawa T3, na hii T3 ndiyo yenye nguvu ndani ya seli. Sehemu kubwa ya T3 yetu haitoki shingoni, inatengenezwa hukohuko kwenye ini, figo na misuli kutokana na T4. Ndiyo sababu kidonge cha T4 peke yake kinatosha kwa watu wengi.

Jambo la kukariri kuhusu T4 ni kwamba haina haraka. Ukimeza leo, baada ya siku 7 nusu yake bado imo mwilini. Fikiria tangi la maji juu ya nyumba. Ukibadilisha pampu asubuhi, mchana bomba la jikoni bado linatoa maji ya jana. Tangi la T4 linahitaji kama wiki 6 kutulia kwenye kiwango kipya, na ndiyo maana daktari anakwambia urudi kupima baada ya wiki 6 hadi 8. Kupima baada ya siku 10 ni kutupa hela. Na anayesema “nimemeza hii mpya jana, leo nimeshaona haifai” anasikia kitu kweli, simkatalii, lakini si rahisi kikawa ni homoni.

Sasa pakiti. Dawa hii kwetu inakuja kwa meli na ndege kutoka nchi mbalimbali, na mzigo wa kampuni moja ukiisha duka la dawa linakupa uliopo. “Ni ile ile mama, kampuni tofauti tu.” Kwa sehemu kubwa yule kijana wa dukani anasema kweli. Lakini levothairoksini ni dawa inayopimwa kwa mizani ya dhahabu: tofauti ya mikrogramu 12 au 25 inatosha kumtoa mtu kwenye kawaida. Marekani iliona hivyo, na mwaka 2007 mamlaka yao ya dawa ikabana masharti, kidonge kisipungue asilimia 95 ya kiasi kilichoandikwa wala kisizidi 105, mpaka siku ya mwisho ya matumizi. Zamani ilikuwa 90 hadi 110. Kwa masharti yale ya zamani, mtu angeweza kutoka pakiti iliyo chini kidogo hadi iliyo juu kidogo, akabadilishiwa dozi bila yeye wala daktari wake kujua.

Kisha kuna vile vitu vinavyochanganywa na dawa ili kidonge kishikamane. Ufaransa walijifunza hili kwa kelele. Mwaka 2017 dawa yao ya Levothyrox, iliyokuwa ikitumiwa na watu takribani milioni 3, iliondolewa laktosi ikawekwa manitoli na asidi ya sitriki. Homoni haikuguswa, na lengo lilikuwa kidonge kisipoteze nguvu mapema. Haikupita miezi mingi, watu zaidi ya 300,000 wakatia saini wakitaka dawa ya zamani: uchovu, kizunguzungu, maumivu ya misuli, nywele kunyonyoka. Serikali ikalazimika kurudisha ile ya zamani kwa muda. Baadaye wachunguzi walipopitia kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya milioni 2 hawakuona magonjwa makubwa yakiongezeka, ila waliona watu walikwenda kwa daktari mara nyingi zaidi.

Wapo wanaosema Wafaransa walijitia hofu. Mimi siwezi kusema hivyo. Wastani wa watu milioni unaweza kutulia huku mtu mmoja akiyumba, na mgonjwa ni mtu mmoja. Uingereza mwaka 2021 ilitoa ushauri ninaouona wa busara: mgonjwa akilalamika baada ya kubadilishiwa kampuni, apimwe, na kama bado anasumbuka abakishwe kwenye kampuni moja inayomkubali. Hakuna aliyesema kampuni fulani ni feki na fulani ni halisi. Kwetu Dar, ambako mzigo unakatika, kubaki kwenye kampuni moja si jambo la kuahidiwa na mtu, lakini unaweza kununua ya miezi miwili mitatu kwa mkupuo, ukatunza pakiti tupu ili uionyeshe, na ikibadilika ukahesabu wiki 6 ukapime. Na usome mikrogramu. Kama imeandikwa kwa miligramu, zidisha kwa elfu: 0.025 ni 25, 0.05 ni 50, 0.1 ni 100.

Dozi ndiyo yenye mambo. Daktari ana mahali pa kuanzia: kwa mtu mzima ambaye tezi yake haifanyi kazi kabisa, ni kama mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili. Mwenye kilo 70 anaangukia kwenye 112 hivi, ndiyo maana wengi utawakuta na 100 au 125. Mzee au mwenye moyo mbovu anaanzishwa na 12.5 au 25 na kupandishwa polepole, kwani moyo uliozoea kwenda taratibu haupendi kusukumwa ghafla. Hapo ndipo kazi ya daktari inapoishia na kazi ya jikoni kuanza.

Levothairoksini inataka tumbo tupu. Imezwe kwa maji, kisha usubiri nusu saa, bora saa nzima, kabla ya kitu kingine. Angalia sasa asubuhi zetu. Mtu anaamka saa kumi na moja awahi gari, kidonge anakishushia na chai ya maziwa, chapati mkononi. Au anakunywa uji wa lishe ambao nusu yake ni soya, na soya ni miongoni mwa vyakula vinavyozuia dawa hii isifyonzwe. Kahawa nayo vilevile, hata ile ya kikombe kidogo ya barazani. Vidonge vya kuongeza damu, kalisiamu, na dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini hushikana na homoni tumboni zikatoka nazo chooni. Hizo zinataka umbali wa saa 4. Omeprazoli, ambayo mjini hapa watu wanaimeza kama pipi, inapunguza asidi ya tumbo na kufanya kidonge kisiyeyuke vizuri.

Mtu wa namna hii akipimwa TSH iko juu. Anaongezewa dozi. Mwezi ujao anasafiri kijijini, anameza alfajiri kwa maji ya kisima, chai wanakunywa saa tatu, na dawa yote inaingia. Anaanza kutetemeka, anasema hali ya hewa ya kijijini haipatani naye. Pakiti ni ile ile, kidonge ni kile kile, lakini kwa hesabu ya damu amebadilishiwa dawa mara mbili.

Kuna wanaobadilishiwa dozi na dawa nyingine wanazomeza. Anayeanza tiba ya kifua kikuu anapewa rifampisini, na hiyo inaliamsha ini likaanza kuichoma homoni haraka. Baadhi ya dawa za kifafa hufanya hivyohivyo. Dozi iliyotosha mwaka jana haitoshi tena, na tiba ya kifua kikuu ikiisha dozi inaweza kuwa imezidi. Mjamzito naye mahitaji yake hupanda mapema, tangu wiki za mwanzo, kwa robo au hata zaidi. Mtoto bado hana tezi ya kumtosha na anategemea ya mama. Mwanamke anayemeza dawa hii akiona mimba asisubiri kliniki ya mwezi wa nne, aende kwa daktari wiki hiyohiyo.

Ramadhani inawatia watu wasiwasi bure. Anayefunga anaweza kumeza wakati wa kulala, angalau saa 3 baada ya chakula cha mwisho, au akaamka nusu saa au zaidi kabla ya daku. Kwa wanaofuturu na kuendelea kutafuna hadi usiku wa manane, la pili ni salama zaidi. Tafiti zimeonyesha kumeza usiku hufanya kazi vizuri tu, mwaka mzima ukitaka. Muhimu uchague wakati mmoja ubaki nao.

Na joto. Homoni hii haipendi joto, mwanga wala unyevu. Pakiti nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 25, nyingine 30, na Dar kuanzia Desemba hadi Machi chumba cha kawaida kinapita hapo kabla ya saa sita mchana. Nimeona pakiti juu ya friji, pale nyuma panapotoa joto, na nimeiona kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani. Iache kwenye foili yake, kwenye droo ya chumba chenye hewa, mbali na jiko na bafu. Vidonge vilivyomwagwa kwenye kichupa cha kioo dirishani sivyo vile ulivyonunua.

Baada ya yote hayo bado wapo ambao TSH imekaa vizuri, wanameza sawasawa, na bado wamechoka. Si wachache wala si waongo: makadirio ya kawaida ni watu 5 hadi 10 kati ya 100 wanaotumia dawa hii. Hapo ndipo linapokuja badiliko la tatu, la homoni yenyewe.

Historia yake ni ya wanyama. Mwaka 1891 daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimchoma mgonjwa wake sindano ya maji ya tezi ya kondoo, na mama yule akaishi miaka 28 mingine. Kwa miongo mingi baadaye watu walimeza tezi za wanyama zilizokaushwa na kusagwa. Vidonge hivyo bado vinauzwa Marekani, na vinatokana na nguruwe. Nalisema wazi kwa sababu mjini kwetu kuna watu wanaviagiza kupitia ndugu walio nje, wanaambiwa ni “dawa ya asili”, na hakuna anayewatajia ni asili ya nani. Kwa Mwislamu hilo si jambo dogo, ana haki ya kuambiwa kabla hajalipa.

Hata ukiweka dini kando, hesabu ya nguruwe si ya binadamu. Tezi yake ina T4 kama nne kwa T3 moja. Ya kwetu inatoa kama 14 kwa moja. T3 inaingia damuni haraka na kutoka haraka, kwa hiyo mtu anapata wimbi: asubuhi moyo unadunda na anajiona mpya, jioni ameishiwa. Wimbi hilo kwa mwenye moyo dhaifu ni hatari, na homoni ikizidi kwa muda mrefu mapigo yanaweza kuvurugika na mifupa ikapungua.

Njia ya kisasa zaidi ni kuchanganya levothairoksini na T3 kidogo ya kiwandani, liothaironini. Mwaka 1999 watafiti walichapisha utafiti mdogo kutoka Lithuania: wagonjwa 33, na waliopunguziwa T4 na kupewa T3 kidogo walijisikia vizuri zaidi kimawazo. Dunia ikachangamka. Tafiti nyingi zilizofuata, kwa ujumla, hazikuona tofauti hiyo, ingawa katika baadhi yake wagonjwa walipoulizwa wanapendelea ipi wengi walichagua mchanganyiko. Huenda lipo kundi dogo ambalo miili yao haibadilishi T4 kuwa T3 vizuri, likamezwa ndani ya wastani. Wataalamu wa thairoidi wa Ulaya mwaka 2012 walikubali ijaribiwe kwa uangalizi, kwa mgonjwa ambaye mengine yote yameshachunguzwa, na iachwe kama haisaidii. Kwa mjamzito haifai, kwani ubongo wa mtoto unategemea T4 ya mama.

Bei yake nayo ina kisa. Hata Uingereza pakiti ya liothaironini ilipanda kutoka pauni 20 mwaka 2009 hadi pauni 248 mwaka 2017, na kampuni iliyohusika ikatozwa faini. Kwa hapa, ukiianza hakikisha unajua mwezi wa tatu utaipata wapi na kwa hela gani. Kuanza na kukatishwa njiani kunachosha mwili kuliko kutokuanza.

Kwa maoni yangu, kabla ya kufika huko mtu apimwe damu kwanza. Wanawake wengi wanaoilaumu “shingo” kwa uchovu wao wana upungufu wa damu wa kawaida kabisa, au vitamini B12 imeshuka, au sukari imepanda, au wamefikia ukomo wa hedhi, au wana sonona ambayo hakuna aliyewauliza. Wengine hawalali. Kuamka saa kumi ufike Posta saa mbili ni ugonjwa ambao hakuna kidonge cha T3 kitakachoutibu.

Kuna mtego mmoja zaidi. Nywele zikinyonyoka watu wananunua vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini nyingi, ambayo ni aina ya vitamini. Biotini inazidanganya mashine nyingi za maabara zinazopima TSH: inaweza kukuonyesha una homoni nyingi wakati una chache, na daktari akapunguza dozi kwa nia njema. Acha biotini angalau siku 2 kabla ya kutoa damu, na umwambie daktari kama unaitumia.

Dada alirudi kwa daktari wake Jumatatu, akarudishwa kwenye kidonge kimoja. Hakuna aliyempima siku hiyo, akakasirika, mpaka nikamweleza habari za tangi. Wiki ya pili mkono ulitulia. Kwenye pakiti mpya ameandika kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa, KIMOJA, na chini yake tarehe ya kwenda kupima. Chai ya maziwa ya saa kumi na mbili sasa inanywewa saa moja, na kwa hilo ananilaumu mimi.